Wageni Wasiogusa Chai

"Simama! Utamkalia mtoto!"

Mzee Andongwisye alikuwa amekwisha kukunja magoti ili aketi. Aliruka kama mtu aliyeumwa na siafu, akageuka kukitazama kiti alichokuwa anakilenga. Kilikuwa kiti cha mbao chenye kitambaa cheupe cha kufuma. Hakikuwa na mtoto. Hakikuwa na kitu chochote.

"Mtoto gani, mwenyeji wangu?" aliuliza taratibu. Yeye ndiye aliyeongoza msafara wa posa. Alikuwa amekuja na mkewe na jamaa wengine watatu kumposa Doreen kwa niaba ya Obed, mtoto wa marehemu kaka yake.

"Huyo mwenye kofia nyekundu," alijibu Mzee Ambindwile, mwenye nyumba, kwa upole wa mtu anayetambulisha watu wasiofahamiana. "Ana adabu sana. Tangu asubuhi hajasema neno. Wewe keti kwenye kochi, yule bwana mrefu atakusogelea kidogo."

Kochi nalo lilikuwa tupu. Andongwisye alilitazama, akamtazama mkewe, akaamua kubaki amesimama. Wenzake walipoona mkubwa wao hakai, nao hawakukaa. Basi sebule ile ndogo ya pale kijijini Ibighi ikawa na wageni watano waliosimama wima kama wanaosubiri wimbo wa taifa, na viti vyote vitupu.

Doreen alichungulia kutoka jikoni, akahisi jasho likimtoka kwapani. Alikuwa amevaa gauni zuri kuliko yote aliyowahi kuyachambua kwenye marobota ya mitumba aliyokuwa akiuza sokoni Tukuyu. Alilificha chini ya meza ya genge wiki nzima asije mteja akalitamani. Sasa alitamani ajifiche yeye.

Mama yake, Atupele, ndiye aliyeokoa jahazi. Aliingia na sinia la chai, khanga ameishusha mpaka kwenye nyusi upande wa kushoto.

"Baba Doreen, wale watoto nimewapeleka jikoni wakale ndizi," alisema bila wasiwasi. "Na yule bwana mrefu amesema anatoka nje kunyoosha miguu. Wageni wetu wakae."

"Ah! Umefanya vizuri," alisema mzee.

Wageni wakaketi wote kwa mpigo, vikasikika viti vikilia. Chai ikamiminwa. Mazungumzo yakaanza kushika njia: mvua, bei ya majani ya chai, matajiri wapya wanaopita shamba kwa shamba kununua ndizi za kupeleka Dar es Salaam. Mzee Ambindwile alizungumza vizuri kuliko wote. Alichekesha, alikumbuka ukoo wa Andongwisye mpaka kwa babu wa babu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka juu ya goti, lakini ni mzee gani ambaye mkono wake hautetemeki? Andongwisye alianza kudhani kwamba alisikia vibaya.

Ndipo Atupele alipoinama kumpa mkewe Andongwisye kikombe, khanga ikateleza. Jicho la kushoto lilikuwa limevimba na kuwa jeusi kama zambarau.

"Mama!" alisema mke wa Andongwisye. "Jicho limepatwa na nini?"

"Nimejigonga," alisema Atupele. Lakini alikuwa mwanamke asiyejua kusema uongo, na uongo ulipomshinda alifanya jambo baya zaidi: alisema kweli. "Amenipiga huyu. Lakini alikuwa amelala."

Kijiko kiligonga sahani mahali fulani. Kisha Atupele, aliposikia jinsi maneno yake yalivyosikika, alishikwa na kicheko. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamtoa machozi hata kwenye lile jicho lililofumba. Alijaribu kukizuia kwa khanga, kikatokea pembeni.

Andongwisye alisimama. Bahasha ya posa, iliyokuwa imekwisha kuchungulia mfukoni mwa koti, ilirudi ndani.

"Tunashukuru kwa chai," alisema. "Tutaangalia siku nyingine."

"Haya, mwende salama," alisema Mzee Ambindwile, amefurahi kweli kweli. Wageni walipofika njiani alimgeukia mkewe. "Watu wazuri. Ila wana haraka. Hawa wengine wametulia, ingawa chai hawaigusi."

*

Habari ilifika mtaa wa Bulyaga kabla ya wageni kufika kwao. Jioni ile Mwanaheri, rafiki wa Atupele aliyekuwa akiuza vitumbua karibu na msikiti wa huko, aliingia jikoni bila hodi.

"Nimesikia mmewakalisha wakwe chini na mapepo mmeyapa makochi."

"Nani kasema?"

"Kila mtu. Mwingine kasema mlikuwa na chatu."

Atupele akacheka tena. Doreen, aliyekuwa akimenya ndizi kwa hasira, alitupa kisu kwenye beseni.

"Mama, unacheka nini? Wamerudi na bahasha! Jumapili iliyopita wamemvua baba uzee wa kanisa kwa sababu yako, wewe unacheka!"

"Kwa sababu yangu?"

"Kwani nani aliyewaambia baraza la wazee kwamba anakupiga?"

"Mwanangu, waliniuliza jicho. Niliwaambia anapigana usingizini. Mwenyekiti wao, Mzee Ackson, akasema hata mwizi akikamatwa husema alikuwa usingizini anatembea. Wakacheka wote. Nami nikacheka. Kumbe wao walikuwa wananicheka mimi."

Mwanaheri aliketi kwenye kigoda. Yeye alikuwa na swali ambalo watu wengine walikuwa wameliruka.

"Na wale wageni wake anawaona kweli, au anafanya utani?"

"Anawaona. Ana yule mtoto wa kofia nyekundu, na bwana mrefu, na wanawake fulani wanaokaa juu ya kabati. Wala hawamtishi. Juzi nilimwambia, baba Doreen, hapa hakuna mtu. Akaniambia, 'Najua hawapo. Lakini nitafanyaje, nao wameshafika?'"

Hata Doreen alicheka hapo, ingawa hakutaka. Lakini wote walijua kwamba tatizo si wageni tu. Kuna siku mzee alipotea kati ya nyumba na choo chake mwenyewe. Alitembea kwa hatua fupi za kuburuza, kama mtu anayeogopa kumwaga maji. Alikaa saa nzima ameshika shati, hajui mkono unaingilia wapi. Kisha kesho yake aliamka mwerevu kama hakimu, akambishia mnunuzi wa majani ya chai mpaka mnunuzi akaomba msamaha. Aliyemwona siku mbaya alisema mzee kaisha. Aliyemwona siku nzuri alisema mke anamsingizia.

"Wamemroga," alisema Doreen kwa sauti ndogo.

"Nani amroge, na shamba lenyewe limezeeka?" alisema Mwanaheri. "Mpelekeni kwa daktari."

*

Miaka ile zahanati za watu binafsi zilikuwa ruksa, na kila njia panda ilikuwa na ya kwake. Iliyokuwa karibu ni ya mtu aliyeitwa Andrea, ambaye watu walimwita daktari naye hakuwahi kuwakataza. Kibao chake kiliandikwa MAGONJWA YOTE kwa rangi nyekundu, na chini yake, kwa herufi ndogo, SODA BARIDI.

Doreen alimpeleka baba yake pale. Hakutaka hospitali ya Makandana, kwa sababu kule foleni ilikuwa ndefu na kila aliyekaa kwenye foleni alikuwa mteja wake wa mitumba.

Bahati mbaya, au nzuri, mzee aliamka vizuri siku hiyo. Alimsalimu Andrea, akamuuliza habari za mama yake kwa jina, akamwonyesha kwamba saa yake ya ukutani iko nyuma.

"Dada," alisema Andrea, "huyu mzee ni mzima kuliko mimi. Mnataka tiba ya nini?"

"Anaona watu."

"Watu mimi pia nawaona."

"Wasiokuwepo."

Andrea alimgeukia mzee. "Ni kweli, mzee wangu?"

"Wanazidisha," alisema Mzee Ambindwile. Kisha akainamisha kichwa kwa heshima kuelekea rafu ya dawa. "Lakini nawe, mwanangu, ungewashusha hao akina mama. Wataanguka na chupa zako."

Andrea hakusubiri zaidi. Alisema ipo sindano ya kutuliza kichwa, wanayopewa wenye wazimu, na baada ya hapo mzee hataona mtu hata mmoja. Katika hilo hakusema uongo.

Siku iliyofuata mzee hakuona mtu. Hakuona hata Atupele aliyekuwa mbele yake. Alikuwa amelala chali, shingo imekakamaa, mikono imekunjamana na kuwa migumu kama matawi. Udenda ulimtoka pembeni mwa mdomo. Uji uliingia, ukatoka. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakumfuata mtu aliyepita.

Kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze, hakuna aliyecheka katika nyumba ile. Atupele alikaa kitandani ameshika mkono wa mumewe, akijaribu kuufungua vidole kimoja kimoja.

"Ambindwile," alisema. "Rudi basi. Rudi hata na hao wageni wako. Nitawapikia wote."

Doreen alikimbia mpaka kwa Andrea. Andrea alisema huo ndio utulivu wenyewe, na kwamba kama familia haikuridhika angeweza kuongeza nyingine. Doreen alimwambia neno ambalo halikuwahi kusemwa na binti wa mzee wa kanisa, akatoka akilia barabarani, mbele ya wateja wake wote.

Fuso lililosheheni ndizi lilipiga breki kando yake. Dereva alikuwa Obed.

"Doreen? Kuna nini?"

"Baba mdogo wako kakukataza kuongea nami."

"Kanikataza kuoa. Kuongea hakutaja. Panda."

*

Mzee Ambindwile aliingia Makandana akiwa amelazwa juu ya mikungu ya ndizi, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine na Obed hakuwa na muda wa kushusha mzigo. Atupele alikaa pembeni yake ameshika mwavuli. Watu wa njiani walivua kofia, wakidhani ni maiti. Atupele aliwapungia mkono: bado, bado!

Daktari aliyekuwa zamu alikuwa mwanamke kijana mwenye ushungi, jina lake Shadya. Alimgusa mzee shingo, akaukunja na kuukunjua mkono wake, akauliza jambo moja tu kabla ya mengine.

"Amepewa dawa gani?"

Doreen alitoa mfukoni kichupa alichokiokota kwenye ndoo ya Andrea. Daktari alikisoma, akafumba macho kidogo kama mtu aliyekunywa kitu kichungu.

"Asipewe hii tena. Hata tone. Mnanielewa?"

Walimlaza, wakamwekea maji, wakamgeuza upande huu na huu. Siku za kwanza hakuna aliyejua kama atapona. Atupele alijifunza kumlisha uji kwa ncha ya kijiko. Obed alikuwa akipita kila safari ya Fuso, akisema amepita tu, huku ameshika mkungu. Kisha asubuhi moja mzee aligeuza shingo, taratibu, akamtazama daktari aliyekuwa akimpima.

"Wewe upo kweli," aliuliza kwa sauti ya kukwaruza, "au ni wale wengine?"

"Nipo, mzee wangu. Shikamoo."

"Marahaba. Basi upo. Wale huwa hawaamkii."

Daktari Shadya aliondoka wodini haraka, na wauguzi walimwona ameegemea ukuta wa varanda anacheka peke yake. Lakini kuanzia siku ile hakumwacha. Alivuta kiti, akauliza maswali ambayo Andrea hakuuliza. Alimpa karatasi na kalamu, akamwomba achore saa. Mzee alichora duara, ulimi nje, kisha akazipanga namba zote upande mmoja, zimebanana kama abiria. Nusu ya pili akaiacha tupu.

"Na huku, mzee?"

"Huko kuna ukungu," alisema Mzee Ambindwile. "Si tuko Tukuyu?"

Daktari aliiweka karatasi ile pembeni kwa heshima. Kisha akamgeukia Atupele.

"Mama, usingizi wake ukoje? Analala ametulia?"

Atupele aliangalia sakafu. Akamwangalia Doreen, akamwangalia Obed aliyekuwa mlangoni na mkungu wake.

"Nyie tokeni nje," alisema.

Walitoka. Walisimama chini ya dirisha, na mwanzoni hawakusikia kitu. Kisha walisikia kile kicheko kinaanza, kile cha tumboni, na juu yake kicheko kingine, chembamba, cha daktari.

"Tangu lini, mama?"

"Miaka mingi, mwanangu! Kabla hata hajaanza kusahau. Anaswaga ng'ombe. Anakata mgomba. Mara nyingine ni golikipa, na mpira ni kichwa changu. Majuzi alikuwa anapigana na chui, ndipo akanipata jicho. Akiamka hajui. Ananiuliza nani kaniumiza, anataka kwenda kumtafuta!"

"Na ulimwambia nani?"

Kicheko kilikoma. "Nilimwambia kila aliyeniuliza. Hakuna aliyeniamini. Wamemwaibisha kanisani, wamemkosesha binti yetu mume. Nikaona ninyamaze."

"Mama," alisema Daktari Shadya, "hapo ndipo nilipokuwa napatafuta. Waite watoto."

Akawaeleza wote pamoja, na mzee mwenyewe, kwa sababu alisema ugonjwa ni wa kwake na ana haki ya kuujua. Alisema si wazimu, na si uchawi. Katika ubongo kuna chembechembe zinazofanya kazi ya kufikiri na ya kuendesha mwili. Ndani ya chembe hizo hujikusanya vijidonge vidogo sana, na vinapozidi vinaharibu kazi. Ndiyo maana mtu anaona wageni, waziwazi, na rangi za kofia zao. Ndiyo maana siku moja ni mwerevu na siku ya pili hajui shati. Ndiyo maana mkono unatetemeka na miguu inaburuza. Si kila anayerusha mateke usingizini ana ugonjwa huu, lakini yakikutana yote haya kwa mtu mmoja, na dawa ya kutuliza wazimu ikamgandisha kama ilivyomgandisha, basi yeye hana shaka kubwa.

"Hapa hatuna mashine ya kutazama ndani ya kichwa," alisema. "Nimetazama kwa masikio. Ninaweza kukosea. Lakini sidhani."

"Una jina, ugonjwa wenyewe?" aliuliza Obed.

"Vijidonge hivyo vinaitwa kwa jina la aliyevigundua. Lewy."

"Kabila gani huyo?" aliuliza mzee.

"Alikuwa Mjerumani."

Mzee Ambindwile alijipiga paja kwa mkono usiotetemeka. "Wajerumani! Hawakutosheka kutuachia boma, wakaniwekea na vidonge kichwani!"

Wodi nzima ilicheka, mpaka mgonjwa wa mguu wa kitanda cha tatu akaomba wamwonee huruma, mguu unauma. Mzee alingoja kicheko kipungue.

"Kuna kupona?"

"Hakuna, mzee wangu," alisema daktari. "Kuna kuishi nao. Wengine miaka, na vizuri. Lakini utazidi, sitakudanganya."

Mzee alitikisa kichwa. Atupele alimwekea mkono begani.

Kisha daktari akawapa mashauri. Wasibishane naye kuhusu wageni, na wasimwongezee wengine. Nyumba iwe na mwanga. Mazulia yaondolewe asijikwae. Kila zahanati watakayokanyaga, waseme kabla ya yote kwamba mtu huyu haguswi na sindano ile. Na mama atafute kitanda chake mwenyewe.

"Kitanda changu!" alisema Atupele. "Na chui akija, nani atampigania?"

*

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, wakati wa matangazo, Atupele alisimama katikati ya kanisa bila kupewa nafasi.

"Nina tangazo. Mume wangu hunipiga."

Watoto wachanga wenyewe walinyamaza. Mzee Ackson, mwenyekiti wa baraza, alianza kutikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyejua.

"Hunipiga akiwa amelala fofofo. Niliwaambia, mkacheka. Leo nimekuja mcheke vizuri. Mzee Ackson, njoo hapa."

Mzee Ackson alisema hakuna haja. Kina mama walisema ipo. Alipokuja, Atupele alimwonyesha benchi, akamwambia wewe ndiye mimi, umelala. Yeye, akiwa ndiye mume, akafumba macho, akakoroma koromo moja ambalo kila mwanamke aliyeolewa alilitambua, kisha akarusha mguu. Hakumgusa mwenyekiti. Lakini kiatu kilichomoka, kikapaa juu ya safu za mbele, kikatua katikati ya kwaya.

Kanisa lilivunjika mbavu. Mchungaji aliinama nyuma ya mimbari, na mimbari ikaonekana ikitikisika. Walipotulia, Atupele, mguu mmoja peku, aliwaeleza habari ya ugonjwa kama daktari alivyomweleza. Aliisema polepole, bila kupunguza.

"Mlimvua mtu heshima kwa kosa alilolifanya akiwa usingizini," alimaliza. "Naomba mmrudishie akiwa macho. Maana siku za kuwa macho zinampungukia."

Walimrudishia siku ileile, kwa kura ya mikono. Nje, bibi mmoja ambaye hakuwa amecheka alimngoja Atupele penye ngazi, akamshika mkono wote mpaka kwenye kiwiko.

"Wangu alikuwa hivyohivyo," alisema. "Nilimkimbia. Amekufa peke yake."

Atupele alimkumbatia, wakasimama hivyo mpaka watu wakapungua.

Andongwisye alirudi na bahasha kabla mwezi haujaisha, amevaa koti lilelile. Alichelewa kuketi, kwa kuwa alitaka kwanza kujua wapi pana nafasi. Mzee Ambindwile alimwambia hana wageni leo, aketi popote. Andongwisye alionekana kama amesikitika kidogo, maana njiani alikuwa amewaahidi wenzake kwamba watayaona makubwa.

*

Siku ya harusi mvua ilinyesha, kama inavyonyesha Tukuyu bila kujali shughuli ya mtu. Mzee Ambindwile alikuwa amevaa suti ya kijivu ambayo Doreen aliitoa kwenye robota la Jumatatu. Alimshika binti yake mkono mpaka mlango mkubwa wa kanisa. Hapo kizingitini akasimama.

Matarumbeta ya kanisa yalipiga wimbo wa kuingilia mpaka mwisho, yakanyamaza. Mzee hakusogea.

"Baba, twende," alinong'ona Doreen.

"Nataka. Miguu haitaki."

Alijaribu. Mabega yalikwenda mbele, miguu ikabaki kama imeota mizizi. Watu walianza kugeuka. Mtu mmoja alisema pole kwa sauti ya kuudhi. Andongwisye alikuja mbio kutoka mbele, akasema yeye na vijana wangeweza kumbeba na kiti, hakuna ubaya, ni mgonjwa.

"Msinibebe," alisema mzee. "Nimembeba mimi huyu. Msinibebe mbele yake."

Doreen alihisi machozi yakimharibia poda. Lusungu, kijana aliyeongoza tarumbeta, hakujua afanye nini na ule ukimya. Yeye kila alipokosa la kufanya alipuliza. Akapuliza mstari wa kwanza wa wimbo wa maandamano, ngoma ikaitikia, *pum*, na mguu wa kulia wa Mzee Ambindwile ukanyanyuka.

Ukatua. Wa kushoto ukanyanyuka.

"Anakwenda!" alipiga kelele Mwanaheri, aliyekuwa dirishani na mtandio wake kwa sababu ndani palijaa. "Endeleeni, msiache!"

Lusungu alipuliza mpaka mashavu yakawa maboga. Mzee alitembea kama askari, magoti juu, kifua mbele, na kanisa lote likaanza kupiga makofi kwa mapigo yake. Makofi yakaongeza kasi, kasi ikaongeza hatua. Doreen alishika gauni kwa mkono mmoja akawa anakimbia. Walimfikia Obed mbele ya madhabahu, wakampita. Walimpita mchungaji. Obed alimtazama mchumba wake akienda zake, akaona hana hiari, akaanza kuwafuata, na mpambe wake naye akafuata.

"Zimeni!" alipiga kelele Atupele, akicheka na kulia pamoja. "Zimeni matarumbeta, atamfikisha Mbeya!"

Matarumbeta yalizimika. Mzee alisimama papo hapo, kwenye mlango mdogo wa pembeni, mguu mmoja ndani na mmoja nje mvuani. Walijaribu kumgeuza. Haikuwezekana. Basi mchungaji alifunga kitabu kwa kidole, akaja mpaka mlangoni. Obed akajipanga. Nusu ya waumini walitoka kwa mlango mkubwa, wakazunguka na miavuli ili waione harusi kwa nje.

"Nani anamtoa binti huyu aolewe?" aliuliza mchungaji.

Kila mtu alijua kwamba mzee angeweza kujibu chochote, na kumjibu yeyote. Mvua ilikuwa ikimdondokea begani. Alimtazama Doreen kwa muda mrefu. Akamtazama Obed. Akamtafuta Atupele mpaka akampata.

"Mimi, Ambindwile," alisema. "Pamoja na Atupele, mama yake huyu."

Kisha akamwinamia mchungaji, akashusha sauti, lakini kanisa zima lilimsikia.

"Sasa waambie vijana wapige, nikakae. Wasipopiga, mtanizika hapahapa nimesimama."

Viapo vilikuwa bado. Lakini Lusungu alikuwa amekwisha kuinua tarumbeta.